Ukoka wa Mlangoni

Swali la kwanza ambalo mama aliniuliza alipofika kwangu Texas, mwaka 2017, lilikuwa la majani. Tulikuwa tumetoka uwanja wa ndege wa Dallas, amesafiri karibu siku nzima, miguu imevimba, nami nilidhani atataka kuingia ndani moja kwa moja ajinyooshe. Akasimama mbele ya nyumba. Akainama taratibu, akashika uzi mmoja wa majani uliokuwa umetambaa mpaka juu ya zege la njia ya gari, akauvuta. Ukang'oka na vimizizi vyake, kila kifundo na kishungi chake. Akaugeuzageuza kiganjani.

“Mwanangu, huu si ukoka?”

“Ndio wenyewe, mama.”

“Na mmeuacha mpaka mlangoni?”

Nilikosa la kumjibu pale pale. Kwetu Muheza ukoka ni adui wa mkulima. Shamba letu la mahindi lilikuwa nyuma ya michungwa, na kila msimu kabla ya mvua za masika tulitumwa sisi watoto kwenda kung'oa ukoka kwa mikono, kwa sababu ukiukata kwa jembe vipande viwili, umepanda miwili. Tuliukusanya kwenye karai, tukautandaza juu ya mwamba ujikaushe siku tatu nne, halafu ndipo unachomwa. Ukiuacha pembeni ya shamba kwenye unyevu, baada ya wiki umeshika tena. Mbuzi wanaupenda. Mwanadamu hana haja nao. Hayo ndiyo niliyofundishwa.

Kisha nikavuka bahari, nikanunua nyumba kwa mkopo wa miaka 30, na pamoja na nyumba nikanunua ukoka. Majani yanayoitwa Bermuda huku kusini mwa Marekani ni ukoka uleule, Cynodon dactylon. Ulifika bara hili tangu enzi za ukoloni, na baadaye wataalamu wakaushughulikia kweli. Mjini Tifton, jimbo la Georgia, mtafiti Glenn Burton alitoa mwaka 1960 aina iitwayo Tifway, mchanganyiko wa ukoka na ndugu yake kutoka Afrika Kusini, na mpaka leo inapandwa kwenye viwanja vya mpira na vya gofu. Hata majani mapana tunayoyaona kwenye bustani za Tanga na Mombasa, yale yanayoitwa ya Pemba, yana ndugu yao huku: watu wananunua mabunda yake ya mraba, udongo na mizizi pamoja, yanashushwa na lori mlangoni, wanayapanga chini kama vigae.

Mama alikaa miezi mitatu. Siku za mwanzo alishangaa, baadaye akawa anatazama. Jumamosi asubuhi, kabla jua halijawa kali, mashine zinaanza kulia nyumba moja baada ya nyingine. Yeye anachukua kiti, anakaa kivulini chini ya mti wa mbele na kikombe chake cha chai ya tangawizi, anatazama. Aliyemvutia zaidi alikuwa mzee wa nyumba ya kulia kwetu. Mzee yule, akishamaliza kupitisha mashine, hupiga magoti na kisu kirefu cha jikoni kilichokwisha makali, akafuata ukingo wa zege hatua kwa hatua, akikata kila uzi wa ukoka uliothubutu kuvuka. Kazi hiyo ina mashine yake, na anayo gereji. Anapenda kisu. Akimaliza anarudi nyuma mpaka barabarani, anasimama, mikono kiunoni, anaangalia. Mstari kati ya kijani na kijivu umenyooka kama uliopigwa rula.

Wiki ya pili mama akasema, “Kumbe hawa nao wanafagia.”

Sentensi hiyo ndiyo iliyonifumbua macho, na bado sijapata maelezo yaliyo bora kuliko hayo.

Kwetu uwanja ulikuwa udongo mtupu. Mama aliamka alfajiri, akanyunyiza maji kidogo kwa mkono ili vumbi lisipande, akainama na fagio la chelewa, akaanzia mlangoni kwenda nje. Alifagia kwa nusu duara, moja ikilalia nyingine, mpaka uwanja mzima ukawa kama magamba ya samaki. Sisi tulikatazwa kukanyaga mpaka jua litoke. Nilidhani ni ukali tu wa mama. Nilipokua ndipo nikaelewa kwamba uwanja uliofagiwa unasomeka: ukiona nyayo ambazo si za watu wako unajua usiku kuna aliyepita, na ukiona mburuzo unajua ni nyoka, na ametokea wapi. Majani marefu karibu na nyumba maana yake nyoka, kupe na mbu. Kwa hiyo usafi ule ulikuwa na kazi. Lakini ulikuwa na kazi ya pili, na hiyo ndiyo iliyokuwa kubwa. Mpita njia akiona uwanja umefagiwa anajua humu watu wapo, wameamka salama. Usipofagiwa siku mbili, jirani anakuja kubisha hodi: kulikoni? Nani mgonjwa? Uwanja wenye takataka haukuwa aibu kwanza. Ulikuwa habari.

Nimeyasema hayo kwa urefu kwa sababu mwaka 2019 uwanja wangu mimi ulitoa habari, na aliyeisoma kwanza akaisoma vibaya.

Mke wangu alikuwa na mimba ya miezi sita, ikaanza kusumbua. Madaktari wakamlaza. Nilikuwa nafanya kazi zamu ya usiku ghalani, mchana niko hospitali, na mtoto wetu wa kwanza nampeleka kwa rafiki zetu Wakenya wanaokaa upande wa pili wa mji. Nilikuwa nalala ndani ya gari. Ilikuwa Mei, na Mei ya huku mvua inanyesha usiku, asubuhi jua linawaka, yaani ni kama umeuamrisha ukoka uote. Siku ya ishirini hivi nikarudi nyumbani kuchukua nguo, nikakuta majani yamefika gotini, yametoa na vishada vya mbegu, na mlangoni kuna barua.

Barua ilitoka kwa chama cha wenye nyumba cha mtaa wetu. Kwa wasioijua mitaa ya namna hii: unaponunua nyumba unasaini kufuata kanuni za mtaa, na moja ya kanuni ni urefu wa majani. Mwisho inchi 12, yaani kama sentimita 30. Ndani ya bahasha mlikuwa na picha tatu za nyumba yangu, zimepigwa kutoka barabarani, na maelezo kwamba nina siku kumi, nisipokata nitatozwa dola 75, na kila wiki itakayofuata itaongezeka. Barua ilikuwa na adabu, haina tusi hata moja. Nilisimama nayo mkononi pale mlangoni nikatetemeka. Mtu alikuja mpaka mbele ya nyumba yangu, akasimama, akapiga picha tatu, akaondoka. Hatua kumi zaidi angefika kwenye kengele.

Jioni mama alipiga simu.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba, mwanangu. Mkeo amekula?”

“Amekula uji kidogo.”

“Mtoto tumboni anacheza?”

“Anacheza.”

Akanyamaza, halafu akauliza, “Na ukoka nani anaukata?”

Nikamwambia naukata mimi. Sijui kwa nini nilimdanganya. Nadhani niliona haya kumwambia kwamba uwanja wa mwanawe haujafagiwa mwezi mzima na hakuna aliyebisha hodi.

Jumamosi yake nilirudi asubuhi kutoka kazini, nikakuta majani yamekatwa. Mbele, pembeni, mpaka nyuma. Ukingo wa zege umefuatwa kwa kisu. Niliujua mkono ule. Nikaenda kwa mzee wa kulia, nikamkuta gereji anasafisha mashine, viatu vyake vimegeuka kijani. Tulikuwa tumekaa jirani miaka minne kwa kupungiana mikono tu. Nikamwambia asante, bwana mkubwa, kwa Kiingereza cha heshima kama kinavyosemwa Texas. Akanijibu bila kuinua kichwa kwamba aliona gari langu haliko usiku, na haliko mchana, na majani ya mtu anayejali hayafiki pale bila sababu. Halafu akauliza: “Ni nani anaumwa?”

Nililia mbele ya mtu ambaye sikuwa nalijua hata jina lake kamili.

Tulikaa gereji ile mpaka saa sita mchana, na alichoniambia siku hiyo kilinifunza zaidi ya miaka yote niliyokuwa nimekaa nchi hii. Yeye ni Mmarekani mweusi, amezaliwa mashariki mwa Texas, kwenye misonobari. Bibi yake mzaa mama, alisema, hakuwa na jani hata moja mbele ya nyumba. Alikuwa na udongo, na kila asubuhi anaufagia kwa fagio la vijiti alivyovifunga mwenyewe, akiacha michirizi. Niliruka kwenye kiti. Nikamchorea sakafuni kwa kidole yale magamba ya samaki ya mama yangu, akacheka, akasema ndiyo, ndiyo, hivyo hivyo. Viwanja vya kufagia vilikuwa jambo la kawaida kwa watu weusi wa kusini mwa Marekani mpaka katikati ya karne iliyopita, na wapo wanaozielekeza asili zake Afrika Magharibi. Mimi sikuhitaji mtaalamu aniambie. Nilikuwa naangalia uso wa mtu anayemkumbuka bibi yake.

Nikamuuliza, sasa ukoka uliingiaje? Akasema uliingia na baba yake. Baba yake alipata kazi mjini, na mwanzoni mwa miaka ya 1970 akanunua nyumba kwenye mtaa ambao miaka michache nyuma mtu mweusi asingeuziwa. Wao walikuwa familia ya pili nyeusi pale. Baba hakulala. Alikata majani mara mbili kwa wiki. Alinunua mkasi wa kukatia pembeni ya miti. Aliwaamsha watoto Jumamosi gizani. “Alisema watakuwa na neno juu yetu hata hivyo,” mzee akaniambia, “lakini la majani hawatalipata.”

Toka siku hiyo sipiti kwenye mtaa wenye majani yaliyonyolewa vizuri bila kujiuliza ndani yake kuna hofu kiasi gani.

Nilianza kusoma, kwa sababu jambo likinigusa siwezi kuliacha. Majani mafupi mbele ya nyumba yalikuwa alama ya mabwana wa Uingereza na Ufaransa wenye ardhi nyingi kiasi kwamba sehemu wanaweza kuiacha isilimwe wala isichungiwe, na vibarua wa kutosha wa kuipitia kwa mundu mrefu. Niliposoma hapo nikawakumbuka wafungwa wa utotoni mwangu, wamepangwa mstari kwa nguo zao za jela, wanafyeka kwa kwanja mbele ya nyumba ya mkubwa wa serikali juu ya kilima, nyumba iliyojengwa na Waingereza. Ile ndiyo ilikuwa bustani pekee ya majani niliyoijua. Sisi tulikuwa na uwanja, mkubwa alikuwa na majani. Hata mtoto alielewa.

Mashine ya kukatia ikaja mwaka 1830, imebuniwa na Edwin Budding wa Stroud, Uingereza, kwa kuiga mashine ya kiwandani iliyokuwa ikinyoa manyoya ya vitambaa vya sufu. Hapo mtu wa kawaida akaweza kuwa na kipande chake cha ubwana. Na baada ya vita kuu ya pili, Marekani ikajenga nyumba kwa maelfu kwa ajili ya askari waliorudi. Mji wa mfano ni Levittown, kisiwa cha Long Island, ulioanza mwaka 1947: nyumba zaidi ya 17,000, zilizofanana, kila moja na majani yake, uzio haukuruhusiwa, na kanuni ilimtaka mkazi akate majani kila wiki wakati wa msimu wake. Hati za mwanzo za mji huohuo zilikataza nyumba kukaliwa na mtu asiye mzungu, isipokuwa mtumishi wa ndani. Mahakama Kuu ya Marekani ilizinyima nguvu kanuni za namna hiyo mwaka 1948, na sheria ya kuzuia ubaguzi katika kuuza na kupangisha nyumba ikaja mwaka 1968. Kwa hiyo baba wa mzee wangu alipokuwa anakata majani gizani, sheria ile ilikuwa na umri wa mtoto wa chekechea. Kanuni ya majani na kanuni ya rangi zilikuwa zimeandikwa na mikono ileile. Moja imefutwa. Nyingine ndiyo niliyoletewa mlangoni na picha tatu.

Sisemi kwamba aliyeniandikia barua ni mbaguzi. Simjui. Ninachosema ni kwamba mazoea yana mizizi kama ukoka wenyewe, kila kifundo kinashika kivyake, na ukiona watu wanakasirikia jani lililozidi urefu namna ile, ujue si jani wanaloliona. Wanaona bei ya nyumba yao ikishuka, maana nyumba ndiyo akiba pekee ya wengi wao. Wanaona mtaa unaoanza kuachwa. Na mara nyingine wanaona mtu ambaye hawana uhakika kama ni mwenzao.

Maji ndiyo yanayonikwaza mpaka leo, na hapo sina simile. Nilifika Texas mwaka 2011, mwaka wa ukame mbaya kabisa katika kumbukumbu za jimbo hili, nikiishi nyumba ya kupanga ghorofani. Miti ilikauka imesimama. Na alfajiri, siku za zamu zilizoruhusiwa, mabomba ya kunyunyizia yanachomoka ardhini na kumwagilia majani, mengine yanamwagilia na lami. Mimi nimebeba ndoo kichwani kutoka kisimani tangu nina miaka sita. Nilisimama dirishani nikitazama maji ya kunywa, yaliyosafishwa, yanatiririka kuingia kwenye mfereji. Utafiti mmoja uliotumia picha za setilaiti, uliochapishwa mwaka 2005, ulikadiria kwamba eneo la majani ya namna hii Marekani linazidi eneo la zao lolote linalomwagiliwa nchini humo, na ni kama mara tatu ya mahindi ya umwagiliaji. Wameanza kuamka. Nevada ilipitisha sheria mwaka 2021 ya kuondoa majani ya pambo tu huko Las Vegas na vitongoji vyake, yale ya katikati ya barabara na mbele ya maofisi ambayo hakuna anayeyakanyaga. Ningependa kuona ikifika mbali zaidi.

Kwangu nimefanya ninachoweza. Simwagilii. Ukoka ni wa Afrika, ukikosa maji unalala ukawa rangi ya mkate, mvua ikinyesha unaamka, hakuna haja ya kuubembeleza. Dawa za kuua magugu nimeacha tangu mtoto wa pili alipoanza kutambaa. Alizaliwa Julai ile, kabla ya siku zake, akiwa mdogo wa kutosha kwenye viganja viwili, na sasa anaruka uzio wa nyuma. Chini ya mti wa mbele, pale mama alipokuwa anakaa na chai yake, ukoka haukubali kivuli, nikauondoa kabisa. Pamebaki udongo. Mke wangu alitaka tuweke mawe madogo, nikamwomba tusiweke. Panafagiwa.

Mbele ninakata kila Jumamosi, na ukingo ninaufuata. Sikati kwa ajili ya barua. Nakata pande mbili, kwangu na kwa mzee, maana magoti yake sasa hayapigiki chini. Anatoka na kiti, ananionyesha kwa fimbo mahali niliporuka, na ninarudia.

Mwaka jana familia mpya ilihamia nyumba ya ng'ambo ya barabara. Mwezi wa kwanza majani yao yalikuwa sawa. Mwezi wa pili yakaanza kupanda. Kwenye kundi la simu la mtaa mtu akaweka picha, mwingine akaandika namba ya kanuni, wa tatu akauliza kama kuna mtu ana anwani ya barua pepe ya chama. Niliiangalia ile picha muda mrefu. Gari liko palepale, halijasogea. Pipa la taka halijatolewa wiki mbili. Dirisha la juu lina pazia lililofungwa mchana.

Nikavuka barabara nikabonyeza kengele. Alifungua mwanamke wa makamo, khanga… nilitaka kusema khanga, lilikuwa shuka, amejifunga kiunoni kama mtu aliyetoka kitandani saa tisa alasiri. Alinitazama, akatazama majani nyuma yangu, akaanza kuomba radhi kabla sijafungua mdomo.

Nikamwambia sikuja kwa ajili ya majani. Nikamuuliza ni nani anaumwa.

Akasema hakuna anayeumwa. Mumewe alikuwa amezikwa siku kumi na moja zilizopita.

Nilikaa naye ngazini kama nusu saa hivi, kisha nikarudi ng'ambo kuchukua mashine. Nilipoitoa gereji nikakuta mzee ameshafika kwenye ukingo wa zege, kiti mkono mmoja, kisu mkono wa pili.